Kabla hujampa mpangaji ufunguo

Barua iliyonishughulisha wiki hii, msomaji mpenzi, imetoka Chala, kaunti ya Taita Taveta. Kwa wasiopajua, Chala iko kaskazini mwa mji wa Taveta, chini ya Mlima Kilimanjaro, na ina ziwa lililojaa ndani ya shimo la volkeno. Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji ya ziwa hilo. Ukisimama ukingoni upande wetu, ng'ambo ya pili ni wilaya ya Rombo.

Aliyeandika ni mama mjane. Kwa kiinua mgongo cha marehemu mumewe na fedha za ndizi alizoweka kidogo kidogo, amejenga vyumba vinne vya kupangisha. Kila chumba ni Sh2,000 kwa mwezi. Hana ajenti wala mtu wa kumsimamia. Yeye ndiye mwenye nyumba, ndiye mkusanya kodi, ndiye mfagia ua. Mpangaji wake wa chumba cha tatu alilipa mwezi mmoja, akakaa mitatu kwa ahadi za "mama, mwisho wa mwezi", kisha akahama usiku. Alikwenda na balbu, na hata kufuli la mlango hakulisaza.

Sasa watu watatu wanakitaka chumba hicho. Wa kwanza ni bwana mwenye gari anayetaka kulipa kodi ya miezi sita mara moja, lakini hana kitambulisho; anasema kinatengenezwa. Wa pili ni msichana mwenye mtoto wa miaka miwili, hana mume, na anauza mitumba siku za soko la Taveta. Wa tatu ni kijana mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule, ambaye mshahara wake hufika siku unayopenda kufika. Majirani wamekwisha kumpa mama huyu ushauri: mchukue mwenye gari, na yule msichana usimguse, "atakuletea wanaume". Yeye ananiuliza mimi.

Kumchagulia mpangaji nikiwa hapa mezani Nairobi siwezi. Ila ninaweza kumwambia ningeuliza nini, na kwa nini. Ninaweza pia kumwambia wewe unayesoma haya Kayole, Kisauni au Kondele, maana aghalabu wewe ndiye unayesimama mlangoni ukiulizwa maswali hayo.

Kwanza tuelewane kuhusu sheria, kwa kuwa hapo ndipo wenye nyumba wadogo wengi huteleza. Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inayohusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Jijini siku hizi ni vigumu kupata chumba cha bei hiyo, na wengi hudhani sheria yenyewe imekufa. Vyumba vya Sh2,000 vya Chala lakini vimo ndani yake moja kwa moja. Mpangaji wa chumba kama hicho hafukuzwi kwa hasira za mwenye nyumba. Hufukuzwa kwa amri ya baraza la kodi za nyumba lililoundwa na sheria hiyo. Kumng'olea mabati, kumkatia maji au kumtia kufuli mlangoni ili achoke aondoke ni kosa la jinai. Hata ukitaka kunadi vyombo vyake kwa sababu ya deni, huruhusiwi kuvibeba mwenyewe. Ni kazi ya dalali aliye na leseni.

Nayasema haya mapema kwa sababu yanaonyesha uzito wa ile siku ya kwanza. Mtu akishaingia, sheria inamlinda, na ni haki alindwe. Uhuru wako mkubwa wa kusema ndiyo au la unao wakati angali nje na wewe ufunguo uko mkononi. Piga hesabu kidogo. Vyumba vinne vya Sh2,000 ni Sh96,000 kwa mwaka ikiwa vyote vimejaa. Yule aliyehama usiku aliondoka na Sh6,000, na chumba kikibaki kitupu mwezi mmoja zaidi ni Sh8,000. Hiyo ni kodi ya mwezi mzima ya ploti yote. Kwa mama anayelipa karo kwa fedha hizo, si hasara ya kupuuza.

(Na kwa kuwa nimetaja hesabu: ushuru wa mapato ya nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, na unawahusu wanaopata kuanzia Sh288,000 hadi Sh15 milioni kwa mwaka. Mama wa Chala hajafika huko. Wewe mwenye ghorofa Pipeline, jipime mwenyewe.)

Haya, tumrudie bwana mwenye gari. Fedha za miezi sita ni tamu, sikatai. Sh12,000 mkononi kwa siku moja, baada ya kuhiniwa na mtu mwingine, zinaweza kumfanya mtu asahau kuuliza jina. Lakini jiulize: mtu anayemudu gari, kwa nini anaharakisha kulipia chumba kimoja cha mabati kwa nusu mwaka, na kwa nini afanye hivyo kabla kitambulisho hakijatoka? Huenda ana sababu njema. Pengine ni fundi wa barabara, pengine ni mfanyabiashara wa nyanya anayetaka mahali pa kulala siku za soko. Kama ni hivyo, kuieleza sababu hiyo hakutamgharimu chochote.

Aliyepoteza kitambulisho huwa na karatasi. Akipiga ripoti polisi hupewa hati ya kuonyesha kuwa kimepotea, na akiomba kingine hupewa karatasi ya kungojea. Asiye na kitambulisho, wala hati ya polisi, wala karatasi ya kungojea, bado hujajua ni nani. Wala usikubali picha ya kitambulisho kwenye simu. Omba kile chenyewe, ukishike, uitazame sura, uitazame sura tena. Naona mazungumzo yenyewe:

"Mama, kitambulisho nimekiacha nyumbani kwa dada yangu."

"Si neno, kijana wangu. Nenda ukakichukue, chumba nitakushikia mpaka kesho jioni."

Hapo hujamkataa wala hujamtukana. Mtu mwema atarudi kesho jioni. Mwenye lake jambo hutamwona tena, na hutakuwa umempoteza mpangaji.

Kuna mbinu nyingine ndogo ambayo M-Pesa ilituletea bila kukusudia. Mwambie akutumie kodi ya kwanza kutoka kwa laini yake mwenyewe. Jina litakaloonekana kwenye ujumbe ni lile aliloandikishia laini. Likilingana na la kitambulisho, vyema. Kitambulisho kikisema Juma na simu ikisema Fatuma, muulize. Huenda Fatuma ni mkewe, lakini muulize kabla ya kutoa ufunguo.

Hapa lazima niseme neno kuhusu usalama, kwa kuwa mama wa Chala anaishi mpakani na ameligusia. Tarehe 15 Januari 2019 hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi ilishambuliwa na watu 21 wakauawa. Baadaye nchi nzima ilijua kuwa mmoja wa wavamizi alikuwa akiishi katika nyumba ya kupanga Muchatha, kaunti ya Kiambu, katikati ya majirani kama mimi na wewe. Hata kabla ya hapo, mwaka wa 2013, serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa Nyumba Kumi ili jirani amjue jirani. Kwa hiyo kumjulisha mzee wa Nyumba Kumi au naibu wa chifu kwamba umepata mpangaji mpya si udaku. Mfanye mpangaji mwenyewe ajue kuwa utafanya hivyo, na hapo pia utajifunza kitu usoni pake.

Lakini wapo wenye nyumba waliolichukua jambo hilo wakalipotosha. Utawasikia wakisema, "Mimi simpangishi Msomali", "Simpangishi mtu wa kabila fulani", "Anayevaa hivi simtaki". Huko si kumchunguza mtu. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa kabila, dini, mavazi, jinsia, hali ya ndoa na mengineyo, na inamkataza hata raia dhidi ya raia mwenzake. Tena hakumsaidii mwenye nyumba hata kidogo. Kabila halikwambii kama mtu atalipa tarehe tano, na mama wa Chala hanielezi kabila la yule aliyemtorokea. Naamini hata yeye ameona halina maana.

Kuhusu ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, watu wa Taveta na wa Rombo wameoana na kuuziana tangu enzi za mababu, na kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta na Holili, kilichofunguliwa mwaka wa 2016, kimezidisha safari hizo. Mtanzania akija kupanga, mwombe pasipoti au hati ya kusafiria yenye muhuri wa uhamiaji, utazame tarehe. Karatasi zikiwa sawa, ni mpangaji kama mwingine. Zisipokuwapo, usijitie matatani; kumhifadhi mtu ukijua yuko nchini kinyume cha sheria ni kosa pia.

Sasa yule msichana wa mitumba. Nakiri barua ilipofika kwake ndipo nilipoisoma mara mbili. Majirani hawakusema halipi. Hawakusema ana fujo. Walisema ana mtoto na hana mume. Ni wasichana wangapi wanaosoma ukurasa huu ambao wamegeuziwa kisogo mlangoni kwa sababu hiyo hiyo, huku kaka zao wakipewa ufunguo kwa kutabasamu tu? Hali ya ndoa imetajwa katika kile kifungu cha 27. Lakini hata tukiiweka Katiba kando, tutazame fedha. Soko la Taveta ni Jumatano na Jumamosi. Mwuza mitumba anashika fedha mara mbili kila wiki. Hana hati ya mshahara ya kukuonyesha, lakini ana kibanda kinachojulikana, ana mahali anaposimama kila Jumatano, na wenzake wanamjua. Mama, siku ya soko ukienda kuuza ndizi zako, pita pale. Nunua hata kitambaa. Dakika kumi za kumtazama anavyowajibu wateja zitakueleza mengi kuliko majirani wako.

Na ikiwa hana Sh2,000 kwa mkupuo, si dhambi kupatana alipe Sh500 kila Jumamosi. Ipo miezi yenye Jumamosi tano, basi ile ya tano iwe yake. Tatizo la wapangaji wengi wa kipato cha vibarua ni kwamba fedha huja vipande vipande na kodi hudaiwa donge. Mwenye nyumba mdogo anayekaa ua mmoja na wapangaji anaweza kuipokea jinsi inavyokuja. Ni faida aliyo nayo ambayo mwenye ghorofa la milango themanini hana.

Mwalimu wa bodi ndiye mtu mwenye hali ya kati. Si mwajiriwa wa tume ya walimu, analipwa na bodi ya shule, na bodi hupata fedha karo zinapolipwa. Kwa hiyo usimwulize tu, "Unapata ngapi?" Mwulize, "Unalipwa lini?" Jibu la kweli litakuwa la kusitasita: "Muhula ukianza vizuri, mwisho wa mwezi, ukianza vibaya, huchelewa." Mimi ningempenda anayejibu hivyo kuliko anayeapa kuwa tarehe moja haimpiti. Wengi hushauri kodi isizidi theluthi ya mapato. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, ingawa Nairobi tungekifuata wengi wetu tungelala nje.

Swali la thamani zaidi, na ambalo karibu kila mwenye nyumba mgeni hulisahau, ni hili: "Ulikuwa ukikaa wapi kabla ya hapo unapokaa sasa?" Tazama, mwenye nyumba wa sasa si shahidi mzuri. Mpangaji akiwa msumbufu, huyo anatamani uondoke naye leo, na atakusifia mpaka ushangae. Yule wa kabla yake hana cha kupata wala cha kupoteza. Mpigie simu, au kama ni Njukini au Taveta mjini mtume mtu. Usimwulize kama alikuwa mtu mzuri; kila mtu husema ndiyo. Mwulize kitu kimoja tu: "Akirudi leo, ungempa chumba tena?" Kisha nyamaza usikilize. Anayesita kabla ya kujibu amekwisha kukujibu.

Kwa wanafunzi nina neno pia, hasa mliopanga nje ya chuo. Voi imebadilika tangu reli mpya ya kisasa ianze kupita hapo mwaka wa 2017 na Chuo Kikuu cha Taita Taveta kipate hati yake mwaka wa 2016. Vyumba vimeota kila upande, na wengine wanaovitangaza si wenyewe. Mtindo unajulikana hata Juja na Eldoret: mtu anakuonyesha chumba kitupu, anapokea amana yako na ya wenzako wanne, kisha simu yake haipatikani. Basi nanyi mchunguzeni mwenye nyumba. Ongea na mpangaji wa mlango wa pili bila yeye kuwapo. Uliza kama mita ya stima ni yako peke yako au mnagawana na nyumba tatu, kwa kuwa hapo ndipo ugomvi wa tokeni huanzia. Na Voi, tafadhali, uliza maji. Mji huo uko karibu na bomba kubwa linalotoka chemchemi za Mzima kwenda Mombasa, lakini bomba kupita karibu na mfereji wako kutoa maji ni mambo mawili tofauti. Fungua mfereji mwenyewe uone.

Mzazi anayemlipia mwanafunzi ajitambulishe kwa mwenye nyumba, japo kwa simu. Kwa mwenye nyumba, mwanafunzi mwenye mzazi anayepatikana ni afadhali kuliko mwanafunzi mwenye maneno mengi. Na mkubaliane mapema kuhusu miezi ya likizo: je, kodi inaendelea, au chumba kinaachwa? Nimeona urafiki mwingi ukivunjika mwezi wa Agosti kwa sababu ya swali hilo ambalo lingejibiwa Januari kwa sentensi moja.

Ukishamchagua mtu wako, andika. Si lazima wakili. Daftari la shule linatosha: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari yake, kodi ni kiasi gani, hulipwa siku gani, amana ni kiasi gani na itarudishwa lini, notisi ni ya muda gani, na chumba kilikuwa na nini siku anaingia. Balbu moja, kufuli moja, vioo vinne vizima. Kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala. Ile Sura ya 296 yenyewe inamtaka mwenye nyumba awe na kitabu cha kodi na ampe mpangaji nakala. Wenye nyumba wengi huogopa maandishi wakidhani yanamsaidia mpangaji peke yake. Siku mtakapofika mbele ya baraza au ya chifu, asiye na karatasi ndiye atakayeulizwa maswali mengi.

Na hicho kitambulisho ulichonakili, kitunze. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, habari za mtu ulizozichukua kwa kazi moja huruhusiwi kuzitawanya kwa nyingine. Siku hizi kuna mtindo wa kuweka picha na nambari ya kitambulisho cha mpangaji aliyetoroka kwenye makundi ya WhatsApp ili "wenzetu wajihadhari". Naielewa hasira yake mama wa Chala, na ninajua yule wa chumba cha tatu angestahili. Hata hivyo asifanye hivyo. Mdeni anaweza kumgeuka akawa mlalamishi, na yeye aliyeibiwa balbu akajikuta akijibu mashtaka.

Jambo la mwisho ni wale wawili ambao hutawapa chumba. Wenye nyumba wengi huwaacha hewani. "Njoo kesho," kesho "njoo Jumatatu", mpaka mtu achoke. Mama, usiwafanyie hivyo. Mtu anayetafuta nyumba huwa ana vyombo vyake kwa rafiki na tarehe ya kuhama inamjia. Mwambie siku ile ile ulipoamua, asubuhi, ili apate mchana mzima wa kutafuta kwingine. Na kama aliacha Sh200 za kushikilia chumba, mrudishie kabla hajaziomba.